Kutazama Mara ya Pili: Kiswahili cha Filamu katika Nyumba Moja ya Karatu



1.0 Utangulizi

Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Kwa kawaida mihadhara ya aina hii huhusu maandishi: utenzi, riwaya, kamusi au sarufi. Leo naomba tuizungumzie filamu, na si filamu inapooneshwa ukumbini mbele ya wahakiki, bali inapotazamwa nyumbani, na watu wawili au watatu, kwa mara ya pili na ya tatu.

Hoja yangu ni hii. Mtu anapotazama filamu kwa mara ya kwanza hufuata kisa: nani kampenda nani, nani kamsaliti nani. Anapoitazama tena kisa anakijua, na hapo ndipo anapoanza kuisikia lugha. Akiitazama pamoja na mwenzake mwenye lugha ya kwanza tofauti na yake, husikia pia yale ambayo sikio lake peke yake lisingeyanasa. Kwa mantiki hiyo, kutazama tena nyumbani ni burudani ambayo mwanaisimu anaweza kuitumia pia kama njia ya utafiti. Aidha, nitaonesha kwamba njia hiyo inatuletea swali zito kuhusu nani hasa anakaribishwa na Kiswahili cha filamu zetu, na nani anaachwa nje.

2.0 Mahali pa Utafiti

Data ninazozitumia nilizipata mjini Karatu, Mkoa wa Arusha, katika miezi ya Juni na Julai 2023. Wanaolifahamu eneo hilo wanajua kwamba huo ni wakati wa baridi kali na ukungu, na watu huingia ndani mapema. Karatu iko katika barabara inayotoka Makuyuni na Mto wa Mbu kwenda kwenye lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Watalii wengi hulala hapo usiku mmoja tu, na asubuhi hupanda kwenda kreta.

Kwa mwanaisimu, Karatu si mahali pa kupita. Wairaqw, ambao ndio wengi wilayani humo, husema Kiiraqw, lugha ya Kikushi ambayo sarufi yake ya kina iliandikwa na Maarten Mous mwaka 1993. Wadatooga na Wamaasai husema lugha za Kinailoti. Katika bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Mangola, wapo Wahadza, ambao lugha yao ina vidoko na haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wasemaji wa lugha za Kibantu wamehamia kutoka Singida, Kilimanjaro na kwingineko kwa ajili ya kilimo na biashara. Mashamba ya vitunguu ya Mangola yamewakusanya wengi wao. Ni sehemu chache sana barani Afrika ambapo mtu anaweza kusikia lugha za asili tofauti kiasi hicho katika gulio moja. Kinachowaunganisha watu wote hao ni Kiswahili.

Nilipanga chumba katika nyumba yenye sebule ya pamoja. Mpangaji mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mwiraqw, mwenye shamba lake Mbulumbulu. Yeye alikuwa akiniita Profesa na mimi nikimwita Mwalimu, na hivyo ndivyo nitakavyomtaja hapa. Kwa wiki tatu mama yake mzazi, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, alikaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho. Mama huyo anakijua Kiswahili cha sokoni na cha zahanati; mambo yake mengine yote ni kwa Kiiraqw. Nimeruhusiwa nao kuyaeleza haya bila kutaja majina.

3.0 Filamu Yenyewe

Filamu tuliyoitazama mara tatu ni *Vuta N'kuvute*, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa mwaka 1999. Mwaka 2022 filamu hiyo iliteuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001.

Kisa kinatokea Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anaikimbia ndoa hiyo. Jamaa zake hawamtaki tena, na anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo anayependa taarabu. Huko anakutana na Denge, kijana anayepinga utawala wa kikoloni. Hivyo basi, pamoja na siasa na mapenzi yake, hiki ni pia kisa cha wanawake wawili wasio ndugu wanaokaa nyumba moja.

Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha. Mara ya kwanza tulipoitazama, Mwalimu alikuwa akiyasoma maandishi hayo. Sikusema neno. Baada ya filamu kwisha alicheka kwa aibu kidogo, akasema: "Profesa, mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili, na leo nimekifuata Kiswahili kwa kusoma Kiingereza."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nipendekeze tuitazame tena, safari hii tukiwa tumeyaficha maandishi kwa kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kioo cha kompyuta.

4.0 Nazali Iliyoachwa Nje ya Darasa

Swali la kwanza la Mwalimu lilihusu jina la filamu. Kwa nini *n'kuvute* na si *nikuvute*? Yeye alidhani ni kosa la uchapaji, au mbwembwe za wasanii.

Kifonolojia jibu si gumu. Kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja, *ni-*, kinapotangulia silabi nyingine katika usemi wa kawaida, irabu /i/ hudondoshwa. Nazali inayobaki haipotei wala haiungani na konsonanti inayofuata; hubaki ikiwa silabi kamili yenye wakati wake. Kwa kuwa inayofuata ni /k/, nazali hiyo husilimishwa mahali pa matamshi, ikasikika kama ile ya mwanzo wa neno *ng'ombe*. Kitenzi chenyewe kiko katika dhamira tegemezi: vuta, nami nikuvute. Kwa pamoja maneno hayo yanataja mvutano wa pande mbili, kila upande ukiwa na nguvu yake. Alama ya ritifaa imewekwa na mwandishi ili msomaji aione irabu iliyoondoka.

Mwalimu alielewa, ila hakuridhika. Alisema kwamba mwanafunzi aliyeandika *ntakuja* badala ya *nitakuja* alikatwa alama, na yeye ndiye aliyekuwa akikata. Sasa vipi jambo hilohilo liwe jina la riwaya inayosomwa na wasomi?

Asubuhi ya siku hiyo, akiwa mlangoni, Mwalimu alikuwa ameniaga kwa kusema: "Ntapita sokoni, ntarudi saa sita." Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo katika daftari langu la data, kama nilivyoandika nyingine nyingi. Nikamsomea. Alinyamaza kwa muda, kisha akairudia sentensi yake polepole, mara mbili, kama mtu anayejaribu koti lililokuwa lake siku zote.

Naomba tutafakari kidogo uzito wa jambo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kilichosanifiwa ni maandishi: tahajia, msamiati, vitabu vya shule. Mdundo wa usemi wa Unguja, pamoja na udondoshaji na ukazaji wake, haukuingizwa katika vitabu hivyo. Matokeo yake, kizazi baada ya kizazi cha walimu wa bara kimefundisha lugha iliyotokana na Kiunguja bila kuwahi kukisikia Kiunguja kikisemwa jikoni. Walimu hao wakaamini kwamba kile wanachokisema wenyewe kila siku ni uchafu unaopaswa kufutwa kwa wino mwekundu.

Sidai kwamba mtoto aruhusiwe kuandika *ntakuja* katika mtihani. Usanifu una kazi yake. Ninachodai ni kwamba kuna tofauti kati ya kumwambia mtoto "hivi hatuandiki" na kumwambia "hivi si Kiswahili". Kauli ya kwanza ni kanuni ya maandishi. Ya pili si kweli, na filamu iliyotazamwa mara mbili ilitosha kumwonesha hivyo mwalimu wa miaka thelathini na mbili.

5.0 Mfasiri Aliyeketi Sebuleni

Mara ya tatu tulikuwa watatu, kwani mama yake Mwalimu aliomba kukaa nasi. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Picha alizipata kama vivuli. Mwalimu akaketi karibu naye na kumfasiria kwa Kiiraqw.

Kazi hiyo ina historia ndefu Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika jaribio la sinema ya elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, milima ya Usambara, filamu zilipigwa bila sauti na maelezo yakawekwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Mtaalamu ndiye aliyekuwa akisema, na mtazamaji alitakiwa kusikiliza. Miaka mingi baadaye, katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, watu wa kawaida walilishika jambo hilo wenyewe. Maarufu kuliko wote alikuwa marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye sauti yake ilifasiri kwa Kiswahili filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani. Lufufu hakufasiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, alionya, na kuwapa wahusika tabia ambazo hadhira yake ilizitambua. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia jina kwa sanaa ya namna hiyohiyo. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings ameichunguza sanaa hiyo ya Tanzania kwa makini, na inafaa sisi wenyewe tuichunguze zaidi.

Mfasiri wa sebuleni, hata hivyo, ni tofauti na wa kibandani. Msikilizaji wake ni mmoja, anamjua, na anaweza kukatizwa. Niliandika maswali yote ambayo mama huyo aliuliza. Hakuuliza hata mara moja maana ya neno la Kiswahili. Takriban maswali yake yote yalihusu ujamaa: huyu ni nani kwa yule? Yasmin alipofika kwa Mwajuma, aliuliza: huyu mwanamke ni ndugu yake kwa upande gani? Mwalimu akajibu kwamba si ndugu hata kidogo. Mama akataka kuhakikishiwa: hata kwa kabila? Hata kwa kabila.

Hapo akaanza kusimulia, na filamu tukaisimamisha. Wataalamu waliochunguza jamii ya Wairaqw wameeleza desturi ya zamani ambapo msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alitengwa na kutolewa nje ya eneo la watu wake, mara nyingi akapokewa na jamii nyingine. Mama huyo alikuwa amemjua msichana mmoja wa namna hiyo, wa rika lake. Alisimulia jinsi alivyoondoka, nani hakumtazama, na jinsi habari zake zilivyokatika. Mwalimu alikuwa hajawahi kukisikia kisa hicho maishani mwake. Sasa yeye akawa anafasiri upande wa pili, kutoka Kiiraqw kuja Kiswahili, kwa ajili yangu, na mara mbili alishindwa kuendelea.

Alipomaliza, mama alisema tuendelee. Tangu hapo aliisikiliza filamu kwa namna nyingine. Kila Mwalimu alipomaliza sehemu ya maelezo, aliitika kwa sauti ndogo. Wanaoijua *slufay*, sala ya baraka ya Wairaqw ambayo kiongozi husema na hadhira hujibu, watautambua uitikiaji huo. Ni jirani wa karibu wa "hadithi njoo" na "pakawa" za pwani. Msikilizaji anashiriki, asipoitika, msemaji hana njia ya kuendelea.

6.0 Ngorongoro Isiyokuwa na Sauti

Siku iliyofuata Mwalimu aliniuliza swali ambalo nimelibeba hadi mbele yenu. Alisema: "Wazanzibari wamejisikia humo. Sisi huku filamu zinapigwa kila mwaka. Mbona hatumo?"

Ni kweli kwamba filamu hupigwa. Maarufu zaidi ni ile ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1987 majivu ya baba yake yakawekwa hapohapo. Mwaka huohuo wa 1959 ndio ulioanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakatakiwa kuhamia upande huo. Katika filamu kama hizo, kinachosemwa husemwa na msimuliaji asiyeonekana, kwa lugha ya Ulaya. Wanyama wana majina. Watu ni sehemu ya mandhari.

Mfano wa pili ni *Hatari!* ya Howard Hawks, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika kuelekea mwisho wa ukoloni na kutoka mwaka 1962, nchi ikiwa imekwishapata uhuru. Jina lake ni neno la Kiswahili, nasi wengine tumejivunia hilo. Lakini tazameni jinsi Kiswahili kinavyotumika ndani yake. Mwigizaji Elsa Martinelli anawalea ndama wa tembo, na Waarusha wanampa jina la heshima la Mama Tembo. Waarusha husema Kimaa; jina wanalopewa walitoe ni la Kiswahili. Zaidi ya hapo, kwa Mswahili, *Mama* ikifuatwa na jina humtaja mtu kwa mwanawe wa kwanza, na *tembo* ni mnyama na vilevile ni pombe ya mnazi. Mzungumzaji wa pwani angeweza kusikia mama wa mtoto aitwaye Tembo, au hata mama muuza tembo. Maana hizi hazikuwa na nafasi, kwa sababu anayesemeshwa hapo si Mswahili. Kiswahili kimetumika kama rangi ya ukutani.

Tofauti ya *Hatari!* na *Vuta N'kuvute* basi haiko katika idadi ya maneno ya Kiswahili peke yake. Iko katika swali la nani anatarajiwa kuelewa. Na swali la Mwalimu linatupeleka hatua moja mbele: hata katika filamu za Kiswahili zinazosemwa na Waswahili kwa Waswahili, yuko mtu wa Karatu anayefuata kwa kusoma Kiingereza, na yuko mama yake anayemtegemea mwanawe.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na haya napendekeza mambo matatu.

Kwanza, filamu za Kiswahili ziandikwe Kiswahili chini ya picha, pamoja na Kiingereza. Viziwi watafaidika, wasemaji wa lahaja nyingine watafaidika, na sisi wanaisimu tutapata hazina ya mazungumzo yaliyoandikwa kama yalivyosemwa, pamoja na *n'* yake. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 tu. Hatuna sababu ya kuruhusu usemi wa miongo hii upotee bila kuandikwa.

Pili, maandishi hayatoshi. Mama niliyemtaja asingeweza kuyasoma hata yangeandikwa kwa Kiiraqw. Sauti ndiyo iliyomfikia. Gharama ya kurekodi msimulizi mmoja wa Kiiraqw, Kidatooga au Kimaa juu ya filamu iliyokwisha tengenezwa ni ndogo ukilinganisha na ya kutengeneza filamu mpya, na ujuzi tunao tangu enzi za Lufufu. Kufanya hivyo hakutakidhoofisha Kiswahili. Sebuleni kwetu, Kiswahili ndicho kilicholeta kisa cha Yasmin, na Kiiraqw ndicho kilichokitolea kisa kingine kilichokuwa kimefichwa kwa zaidi ya miaka sitini. Lugha moja iliifungulia nyingine mlango.

Tatu, wanafunzi wa isimujamii wapewe kazi ya kutazama tena. Wachague filamu wanayoipenda, waitazame nyumbani na mtu wa lugha nyingine, na waandike maswali yake yote. Naamini watajifunza mengi kuhusu Kiswahili kutokana na maswali hayo kuliko kutokana na madodoso mengi ninayoyasahihisha.

Mwalimu bado yuko Karatu. Amerejea kufundisha jioni, kwa kujitolea, watoto wa majirani. Mwezi uliopita aliniarifu kwa simu kwamba ubao wake sasa ameugawa sehemu mbili: upande mmoja ameandika "tunavyoandika", upande wa pili "tunavyosema", na watoto huleta mifano wenyewe, ya Kiswahili na ya Kiiraqw. Alisema upande wa pili hujaa haraka zaidi.